Jua lipo, maji yapo, sasa mmea unakula nzi wa nini?

Kila baada ya muda ile video inarudi kwa magrupu ya WhatsApp, jani limefunguka, nzi anatua, jani linafunga pap, na hapo chini watu wanaanza: mmoja anasema huo ni uganga, mwingine anasema siku hizi video zinatengenezwa na kompyuta, halafu kuna yule mmoja anauliza swali la maana kuliko wote, kwani huo mmea si uko na majani ya kijani, jua lipo, maji yapo, sasa nzi ni wa nini? Hilo ndilo swali la kushika. Ukilijibu vizuri, karibu kila tabia ya hii mimea inajieleza yenyewe, na ukilikosea utaishia kuamini vitu za ile stori ya gazeti moja la New York mwaka 1874, ati Madagaska kuna mti unameza mwanamke mzima. Huo mti haujawahi kuwepo, ilikuwa porojo ya kuuza gazeti.

Tuanze na shamba. Mtu wa Siaya, Busia ama Kakamega anaijua hii hesabu hata kama hakupenda bayolojia shuleni. Mmea unatengeneza sukari yake kutoka kwa jua, hewa na maji, na hiyo sukari ndiyo nguvu yake ya kuishi. Sawa. Lakini sukari peke yake haijengi mwili. Protini zinataka nitrojeni, jeni zinataka nitrojeni na fosforasi, hata ile rangi ya kijani yenyewe inayoshika jua iko na nitrojeni ndani. Ndio maana wakati wa kupanda mahindi unaweka mbolea ya DAP, ile gunia imeandikwa 18-46, halafu yakifika magotini unarudi na CAN, ile mbolea ya nitrojeni, na ukikosa pesa ya CAN unaona majani ya chini yakianza kuwa njano, na jua linawaka kutwa nzima, na mvua imenyesha vizuri tu. Jua halijakosekana hapo, kilichokosekana ni nitrojeni. Na kitu cha kuudhi ni kwamba hewa yenyewe ni nitrojeni asilimia 78, iko kila mahali, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo, lazima kwanza ibadilishwe.

Sasa, mimea imetafuta njia nyingi za kutoka kwa hiyo shida. Maharagwe yamefuga bakteria kwa mizizi, ukiyang'oa unaona vile vifundo vidogo, hao bakteria ndio wanabadilisha nitrojeni ya hewa na wanalipwa sukari. Mahindi yenyewe yakikosa fosforasi yanatoa kemikali fulani kwenye udongo kuita kuvu wa kuyasaidia kufyonza, na hapo ndipo kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi, anapowavizia wakulima wetu, kwa sababu mbegu yake imelala chini hata miaka kumi na zaidi ikingoja hiyo hiyo kemikali, ikiinusa inaota na kujishikisha kwa mzizi wa mahindi na kunyonya. Ndio unaona kayongo na maua yake ya zambarau yanapendeza sana kwa shamba la mtu ambaye udongo wake umechoka. Wizi mtupu. (Watu wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Mbita, wamefanya kazi nzuri sana na desmodium, mmea unaopandwa katikati ya mahindi kuzuia kayongo, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Kuna kundi la tatu, na hili ndilo letu leo, lilisema kama nitrojeni haiko kwa udongo, inapita hapo juu ikiruka na mabawa. Mwili wa mdudu ukikauka, karibu asilimia 10 ya uzito wake ni nitrojeni, na fosforasi pia imo. Kwa hivyo mmea unaonasa wadudu hautafuti nguvu kwa nyama vile simba anatafuta. Nguvu bado inatoka kwa jua. Nzi ni mbolea.

Na uangalie hii mimea inaishi wapi, haikai kwa udongo mweusi mzuri wa kulima. Inakaa kwa vinamasi vyenye asidi, kwa mchanga ulioshwa na mvua mpaka hauna kitu, kwa miamba yenye maji yanayotiririka, mahali ambapo jua ni tele na maji ni tele lakini mbolea hakuna. Duniani kuna karibu spishi 800 za namna hii, na si ukoo mmoja, hii tabia imezuka angalau mara 10 kwenye familia tofauti za mimea ambazo hazikuwa zinajuana, kwa sababu shida ilikuwa ile ile.

Mtu aliyelipima hili jambo kwa mikono yake ni Charles Darwin, na kitabu chake cha 1875 juu ya mimea inayokula wadudu sehemu kubwa kinahusu drosera. Drosera ni kammea kadogo, jani lake limejaa vinywele vyekundu na kila kinywele kimebeba tone la ute kwa ncha, linang'aa juani. Mdudu anatua, mguu unashika, akijaribu kujitoa na ule mguu mwingine nao unashika, na akizidi kupigana ndio anazidi kujipaka, ute unaziba vile vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni mwake na anakufa kwa kukosa hewa. Baadaye vinywele vya jirani vinainama polepole kuja kumfunika, kwa drosera nyingi ni dakika kadhaa mpaka masaa. Afrika Mashariki pia drosera zipo, kwenye sehemu za majimaji, ni vile ni ndogo na watu wanazikanyaga tu.

Darwin alichukua vitu tofauti akawa anadondosha kwa jani. Maziwa, ute wa yai, mchuzi wa nyama mbichi, mate, hata mkojo: vinywele vikainama. Maji ya sukari, wanga, mafuta ya zeituni: kimya, hakuna kitu. Hebu fikiria hapo. Mmea umepewa sukari bure, nguvu tupu, haujashtuka hata kidogo, lakini ukipewa mkojo unakunja vidole vyote. Tayari hapo jibu limeshatoka, lakini watu wengi hawakukubali, wakasema sawa, jani linashtuka lakini mmea unafaidika nini, na kweli lilikuwa swali halali. Mtoto wake Francis akalimaliza mwaka 1878: akagawa drosera mafungu mawili, fungu moja likakingwa lisipate wadudu, lingine likalishwa vipande vidogo sana vya nyama ya kuchoma (ndio, mimea ya Uingereza ilikula nyama choma), na mwisho wa msimu zile zilizolishwa zilikuwa na mbegu zaidi ya mara mbili ya zingine.

Sasa turudi kwa ule wa video. Unaitwa dionea, na ajabu ni kwamba kwa asili unaota sehemu moja tu dunia nzima, pwani ya North Carolina na South Carolina huko Marekani. Jani lake limegawanyika mabawa mawili na ndani ya kila bawa kuna vinywele vichache, kwa kawaida vitatu, na hivyo ndivyo vya kugusa. Ukigusa kimoja mara moja, hakuna kinachotokea kwa macho. Ukigusa tena ndani ya sekunde kama 20, jani linafunga kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Mbona mara mbili? Kwa sababu tone la mvua linaweza kugusa mara moja, jani kavu linaweza kuanguka mara moja, na kufunga bure ni gharama. Lakini mmea hauna ubongo, unahesabuje? Ukigusa kinywele, umeme mdogo unapita kwa jani, umeme kabisa, John Burdon-Sanderson aliupima mwaka 1873 baada ya Darwin kumwomba. Huo umeme unafanya kalsiamu ipande ndani ya seli. Mguso mmoja unapandisha kalsiamu lakini haifiki kiwango, halafu inaanza kushuka. Mguso wa pili ukija kabla haijashuka sana, inarundikana juu ya ile ya kwanza, inavuka mstari, jani linafunga. Ukichelewa, unaanza upya. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walipandikiza jeni fulani kwa huu mmea, ikawa kalsiamu ikipanda jani linang'aa, na wakaona kwa macho hiyo hesabu ikifanyika. Kumbukumbu ya mmea ni kemikali ambayo haijamaliza kushuka, basi.

Na hapo kufunga ndio mwanzo tu. Mwanzoni jani halijabana kabisa, zile meno za pembeni zimeacha nafasi, sisimizi mdogo anaweza kupenya akaenda zake na mmea unamwachilia kwa sababu hana faida ya kurudisha gharama. Aliyebaki akiendelea kuhangaika anaendelea kugusa vinywele, na kila mguso ni umeme tena. Mwaka 2016 timu ya Würzburg huko Ujerumani ilionyesha kwamba miguso ikipita mitatu hivi ndipo jani linaanza kuandaa enzaimu za kusaga, na kadri miguso inavyozidi ndivyo enzaimu zinavyozidi, kwa hivyo mdudu mkubwa anayepigana sana ndiye anajipikia mwenyewe kwa kipimo kinachomtosha. Jani linabana kabisa, linajaa maji yenye asidi na enzaimu, linafanya kazi ya tumbo kwa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi, halafu linafunguka na ndani mmebaki ganda tupu linalopeperushwa na upepo. Kama lilinasa kijiti tu na hakuna aliyehangaika ndani, linafunguka bila kumwaga enzaimu yoyote.

Kitu kimoja hapa kilinifurahisha kuliko hiyo kasi yote. Ile homoni inayoambia jani limwage enzaimu inaitwa jasmoneti, na iko kwa mimea karibu yote. Viwavijeshi wakianza kutafuna mahindi yako, jani linalotafunwa linapandisha hiyo hiyo homoni ili litengeneze sumu na kemikali za kujikinga. Na enzaimu moja inayosaga ganda la mdudu ni ya jamii moja na zile ambazo mimea ya kawaida inatumia kupigana na kuvu, kwa sababu ukuta wa kuvu na ganda la mdudu vimejengwa na kitu kimoja, kitini. Kumbe hii mimea haikubuni silaha mpya. Ilichukua ulinzi wa zamani ikaugeuza uwe ushambulizi.

Huku kwetu, mnyama mwenyewe wa kuwinda yuko majini, na watu wanapita naye na mtumbwi hawajui. Nasema mnyama lakini ni mmea pia, unaitwa utrikularia. Kwenye maji yaliyotulia ya vinamasi vya Ziwa Victoria, kule nyuma ya mafunjo, ukiona nyuzi nyuzi za kijani zinaelea na kauwa kadogo kametokeza juu ya maji, mara nyingi ka njano, inawezekana ni huyo. Hana mizizi kabisa. Kwa zile nyuzi kuna vibofu vidogo, vingi ni vya milimita moja mbili tu, na hivyo vibofu ndivyo mitego yenye kasi zaidi katika mimea yote.

Kazi yake iko hivi: kibofu kinasukuma maji nje kupitia kuta zake, polepole, mpaka ndani kunabaki na upungufu na kuta zinabonyea. Mlango umefungwa vizuri. Nje ya mlango kuna vinywele. Kamdudu ka majini kakigusa, mlango unaporomoka kwa ndani kwa karibu nusu milisekunde, kuta zinaruka kurudi mahali pake, maji yanaingia kwa nguvu na kamdudu ndani yake, mlango unafunga tena. Chukua chupa ya plastiki, uifinye, uitumbukize kwa ndoo halafu uachilie, utaona vile inavuta maji, ni hiyo hiyo, ila hapa kila kitu kimeisha kabla jicho halijaona chochote. Baada ya hapo kibofu kinaanza tena kusukuma maji nje na kwa nusu saa hivi kiko tayari tena, na yule wa ndani anasagwa.

Wanaliwa hasa viroboto maji na vijidudu vingine vidogo sana, na pia viluwiluwi vya mbu vikiwa vichanga. Kuna mtu atasikia hapo na kuanza kufikiria kumaliza malaria Kisumu na maua. Tulia kidogo. Kiluwiluwi kikubwa hakiingii kwa kibofu cha milimita moja, wakati mwingine kinashikwa mkia tu, na mbu wenyewe wanazaa kwa vidimbwi vya kwato za ng'ombe na mitaro ambapo utrikularia haioti. Lala kwa neti.

Turudi kwa ile hesabu ya mbolea, kwa sababu kuna mimea imeifuata mpaka mahali huwezi amini. Huko Kusini Mashariki mwa Asia kuna nepenthesi, ile yenye jani linaloning'inia na mtungi wenye maji kwa ncha, na ukingo wa mtungi ukilowa unateleza kiasi kwamba sisimizi, ambaye anatembea juu ya kioo bila shida, anakosa pa kushika na anaanguka ndani. Hiyo ndiyo kawaida yao, na ndugu zao wako hadi Madagaska na Shelisheli, bara lenyewe la Afrika hawakuingia. Lakini kule milimani Borneo iko moja, Nepenthes lowii, mitungi yake ya juu imeacha kabisa mambo ya wadudu. Inatoa utamu kwa kifuniko, mnyama mdogo mfano wa kindi anakuja anapanda juu ya mtungi analamba, na akiwa hapo anajisaidia ndani. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya majani yake inatoka kwa hicho choo. Nyingine, Nepenthes hemsleyana, inapangisha popo, analala ndani mchana, na kodi analipa kwa samadi.

Na Afrika Kusini iko roridula, ambayo gundi yake inanasa wadudu lakini haina enzaimu za kuwasaga, imekwama nao tu. Kuna kunguni maalumu anaishi juu yake, anatembea kwa hiyo gundi bila kunaswa, anakula walionaswa, na mmea unafyonza choo chake kupitia majani. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama huu uhesabiwe kwenye kundi ama la, na mimi naona ubishi wenyewe unatokea tu kwa sababu walishikilia habari ya kula nyama. Ukifikiria nitrojeni hakuna ubishi: nzi mzima, nzi aliyesagwa, nzi aliyepitia tumbo la mwingine, yote ni mbolea.

Swali la mwisho basi, kama hii kitu ni tamu hivi mbona sukuma wiki haijaanza kunasa nzi tupumzike na bei ya mbolea? Gharama. Jani lililogeuzwa kuwa mtego halishiki jua vizuri, kibofu na vinywele na ute na enzaimu zote zinataka nguvu ya kutengeneza. Mwaka 1984 Thomas Givnish na wenzake waliiandika hiyo hesabu vizuri: mtego unalipa tu pale ambapo jua na maji ni vya bure na kinachokwamisha ni mbolea peke yake. Ukiwa kwa udongo mzuri unabeba mzigo wa bure na majirani wenye majani ya kawaida wanakupita, wanakufunika, unakufa kwa kivuli.

Na mmea wenyewe unajua, kwa njia yake. Saresinia, mmea mwingine wa mitungi wa Amerika Kaskazini, ukiiongezea nitrojeni inaacha kutengeneza mitungi mizuri, inatoa majani bapa ya kushika jua. Huko Uswidi, ambapo moshi wa magari na shughuli za kilimo unashusha nitrojeni na mvua, drosera za sehemu safi zilikuwa zinapata asilimia 57 ya nitrojeni yao kwa wadudu, na za sehemu chafu asilimia 22 tu. Zimepewa mbolea bure, zimelegea na uwindaji. Kwa sasa inaonekana raha, lakini mbolea hiyo hiyo inaita nyasi na magugu ya kuja kuzifunika.

Ghuba yetu ya Winam iko kwa hiyo stori. Gugumaji liliingia Ziwa Victoria karibu mwaka 1990, na linanenepa hivi kwa sababu mbolea ya mashamba na maji taka ya miji vinateremkia huko, kwa hivyo yale maji yamepigwa DAP na CAN bila mtu kununua. Kwa mmea ambao ujuzi wake wote ni kuishi mahali hakuna kitu, maji yaliyoshiba na zulia la gugumaji juu yake ni mahali pabaya sana pa kuwa.

Kama umeshapata hamu na unataka kufuga mmoja hapo nyumbani, Nakuru ama Kisumu, jambo la kwanza usiweke samadi wala mbolea yoyote kwa mizizi, utaiunguza. Maji ya mvua pekee. Ya borehole ya Nakuru yana madini mengi, meno ya kahawia ya watu wa huko yanakuonyesha, na hii mizizi haiyawezi. Kwa joto la Kisumu chukua drosera za nchi za joto, dionea inataka miezi ya baridi ya kulala na huko Kondele utaipatia wapi. Nyama ya bucha usiilishe, inaoza na jani linaoza nayo. Na wageni wakija usiwaache waingize kidole kila mmoja aone inavyofunga, kwa sababu jani likifunga bure linachukua siku nzima kufunguka tena na haliwezi kurudia hivyo mara nyingi kabla halijakauka, wape simu waangalie ile video.